Kura ya Vienna na foleni ya dirisha la methadoni

Leo hakuna bongo fleva wala usajili wa Simba na Yanga. Wale mliolipia nusu saa tu anzeni kusoma sasa hivi, maana hii ni ndefu kidogo.

Machi 2024, mjini Vienna kule Austria, Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura kuhusu azimio lenye maneno mawili: kupunguza madhara. Azimio lilipelekwa na Marekani na lilihusu kuzuia vifo vya watu wanaozidisha dozi. Nchi 38 zilikubali, 6 hazikutaka kuchagua upande, na 2 zilikataa. Waliokataa ni Urusi na China.

Utasema, kwani kura nayo ni habari? Ni habari, tena kubwa. Kwa miaka mingi pale Vienna desturi ilikuwa maazimio yapitishwe kwa kukubaliana wote, bila kupiga kura. Maana yake nchi moja ikigoma kuhusu neno fulani, neno hilo linafutwa ili watu wakale chakula cha mchana. Kwa mtindo huo maneno "kupunguza madhara" yalikuwa hayajawahi kuingia kwenye azimio lolote la Kamisheni ile, ingawa Shirika la Afya Duniani linayatumia kila siku. Mwaka 2016 viongozi wa dunia walipokutana New York kwenye mkutano maalumu wa dawa za kulevya, waliandika waraka mrefu unaotaja tiba ya kutumia dawa na mipango ya vifaa vya kujidunga, lakini jina lenyewe wakalikwepa. Ni sawa na mtu anayemwona simba halafu anasema "yule mnyama mwenye manyoya shingoni".

Sasa mnielewe kwa nini kijana wa Temeke niliyeishia kidato cha nne nahangaika na mambo ya Vienna. Sikusoma sheria wala udaktari. Ila mtaani kwetu kuna watu ambao kila asubuhi wanakwenda kupanga foleni kwenye dirisha la hospitali, wanapewa kikombe kidogo chenye dawa ya maji, wanakunywa mbele ya muuguzi, wanasema neno moja mbili ili muuguzi ajue wamemeza, wanaondoka. Jumapili wapo. Idd wapo. Krismasi wapo. Hiyo dawa ni methadoni, na lile neno walilokuwa wanagombania Vienna ndilo linalolinda foleni ile. Kwa hiyo Vienna siyo mbali kama mnavyodhani.

Tuanze na unga wenyewe, maana vijana wengi mnaujua kwa mashairi ya nyimbo tu. Heroini ilikuwepo Dar tangu zamani kidogo, lakini ile ya mwanzo ilikuwa ya kahawia, na watu walikuwa wanaivuta, wengi wakiichanganya na bangi na tumbaku, ile wanayoiita kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia nyeupe. Nyeupe inayeyuka kwenye maji kirahisi, na ndipo sindano zikaanza. Hapo mambo yakabadilika kabisa, kwa sababu sindano moja ilikuwa inazunguka kijiwe kizima.

Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi na kina dada wanaojidunga hapa Dar waliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza jambo ambalo hata leo nikilisoma nywele zinasimama. Dada mwenye hela ya kete anajidunga, halafu mara moja anavuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na hela, ajidunge ile damu, kwa imani kwamba ndani yake kuna unga kidogo wa kumtuliza arosto. Walikuwa wanafanya hivyo kwa kuhurumiana. Fikirieni kidogo hapo. Kama mmoja ana virusi, hakuna njia fupi ya kumpa mwenzake kuliko hiyo.

Matokeo yake yakaonekana kwenye hesabu. Makadirio ya mwaka 2014 yalisema Tanzania ina watu kama 30,000 wanaojidunga, na karibu asilimia 35 yao wanaishi na VVU. Kwa watu wazima wa kawaida utafiti wa mwaka 2011/12 ulikuwa umepata asilimia 5.1. Yaani mara saba! Na hawa watu wana wake, wana waume, wana wapenzi. Teja hakai kisiwani peke yake.

Ndipo Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni. Ukiacha visiwa kama Mauritius, ambao walianza mwaka 2006, sisi ndio tulikuwa wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuanzisha kliniki ya namna hiyo kwa utaratibu wa umma. Hili tungekuwa tunajisifia kama tunavyojisifia Mlima Kilimanjaro, lakini Watanzania wengi hawana habari nalo. Baadaye ikaja Mwananyamala, ikaja Temeke, Zanzibar wakafungua ya kwao, kisha mikoani: Dodoma, Mwanza, Mbeya, Tanga, Bagamoyo, Arusha. Wenzetu wa Kenya walianza Desemba 2014 pale Mathari, Nairobi, kisha Malindi na Mombasa mwaka 2015.

Najua tayari kuna mtu anaandaa maoni: "Kwa hiyo serikali inawapa mateja unga wa bure?" Hilo swali nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia msikitini, na mama yangu mzazi amewahi kuniuliza. Linastahili jibu la heshima, siyo kejeli.

Ni kweli methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini. Kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 zote mbili zipo Jedwali la Kwanza, pamoja na morfini na kokeini. Tofauti ipo kwenye namna inavyofanya kazi mwilini. Heroini inapanda haraka na kushuka haraka. Baada ya saa chache mwili unaanza kudai tena: jasho, kuharisha, mifupa kuuma, kamasi, usingizi hakuna. Hiyo ndiyo arosto. Mtu wa unga akiamka asubuhi, kazi yake ya siku ni moja, kuikimbia arosto, mara tatu, mara nne kwa siku. Kila mara ni hela. Na hela ya mara nne kwa siku haipatikani kwa kubeba mizigo Kariakoo. Hapo ndipo simu yako inapoibwa, na sufuria la mama yako linapopotea uani.

Methadoni inapanda polepole na inakaa siku nzima au zaidi. Ikipimwa vizuri haimlevyi mtu aliyezoea, ila arosto haiji. Kwa hiyo ghafla mtu ana saa 23 za siku ambazo hakuwa nazo. Anaweza kwenda kazini. Anaweza kukaa akamsikiliza mkewe. Akiwa na VVU anaweza kumeza dawa zake kwa wakati, na kwa kuwa anakuja dirishani kila siku, kifua kikuu chake nacho kinaonekana mapema. Haijidungwi, inanywewa, kwa hiyo ile damu ya kina dada wa 2005 inabaki mwilini mwa mwenyewe.

Siyo dawa ya miujiza, na wanaoisifia bila kusema haya wanawadanganya. Ukimwanzishia mtu dozi kubwa unaweza kumuua. Akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi anaweza kusahau kupumua. Wengine wanaacha baada ya miezi michache wanarudi kijiweni. Wengine wanakunywa methadoni asubuhi na kutafuta kete jioni. Na wanawake kwenye ile foleni ni wachache mno: mwenye mtoto mgongoni nani atamwachia? Mwenye bwana anayemshikia hela nani atampa nauli? Aibu nayo, mwanaume teja anaitwa mgonjwa, mwanamke teja anaitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Lakini ukimweka yule anayekuja dirishani pembeni ya yule aliyeko lupango, niambie wewe kama jirani ungependa nani arudi mtaani kwako.

Sasa tuingie kwenye sheria, kwa sababu hapa ndipo watu wanachanganywa. Utasikia kiongozi anasema "mikono yetu imefungwa, mikataba ya kimataifa inatutaka tuwafunge". Mikataba yenyewe ni mitatu: wa 1961, wa 1971 na wa 1988. Ule wa 1961 una lugha kali kweli, unauita uraibu uovu. Ila ukurasa huo huo wa mwanzo unasema matumizi ya kitabibu ya dawa hizi ni ya lazima ili kupunguza maumivu, na nchi zihakikishe dawa zinapatikana. Wa 1988 ndio wa polisi hasa. Ibara ya 3 inazitaka nchi zifanye kukutwa na dawa kwa matumizi yako mwenyewe kuwa kosa la jinai, kwa kuzingatia katiba ya kila nchi. Haya. Shuka chini kidogo kwenye ibara hiyo hiyo. Utakuta nchi inaruhusiwa kumpeleka mtumiaji kwenye matibabu badala ya kumtia hatiani au kumfunga. Imeandikwa humo humo tangu 1988! Mikono ilifungwa na nani basi?

Ureno waliisoma mikataba hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 inakadiriwa mtu mmoja kati ya kila watu 100 kwao alikuwa kwenye matatizo ya heroini. Julai 2001 wakaacha kumshtaki mahakamani mtu anayekutwa na dawa zisizozidi matumizi ya siku 10. Bado ni kosa, lakini anakwenda kwenye tume ndogo yenye watu wa afya na ustawi wa jamii, siyo kwa hakimu. Muuza unga anaendelea kufungwa kama kawaida. Sambamba na hilo wakamwaga pesa kwenye matibabu, methadoni ikapelekwa mpaka kwa magari mitaani. Maambukizi mapya ya VVU kwa watu wa sindano yakashuka kutoka mamia na mamia kwa mwaka mpaka makumi.

Jimbo la Oregon kule Marekani wakaiga nusu. Wananchi walipiga kura Novemba 2020, adhabu ikaondolewa Februari 2021, lakini matibabu yaliyoahidiwa yakachelewa, na wakati huo huo fentanili ilikuwa inaingia mitaani kwao. Watu wakachoka kuona wenzao wanazimia kwenye vituo vya basi. Septemba 1, 2024 kukutwa na dawa kukarudi kuwa jinai. Wapinzani wa kupunguza madhara wanaupenda mfano huu, na mimi siukimbii. Kufungua mlango wa jela bila kufungua mlango wa hospitali siyo sera, ni kumwacha mtu barabarani.

Upande wa pili kuna waliochagua risasi. Thailand mwaka 2003, ndani ya miezi mitatu ya vita ya Thaksin Shinawatra dhidi ya dawa, watu zaidi ya 2,000 waliuawa. Ufilipino chini ya Rodrigo Duterte, 2016 hadi 2022, serikali yenyewe ilikiri zaidi ya 6,000 waliuawa kwenye operesheni za polisi, na watetezi wa haki wanasema idadi halisi ni kubwa zaidi. Machi 2025 Duterte alikamatwa na kupelekwa The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Na dawa Manila hazijaisha.

Sisi hatujafika huko, tushukuru. Ila tuna mtindo wetu wa makelele. Mnakumbuka Februari 2017, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alivyosoma majina hadharani, wasanii na watu wengine maarufu wakatakiwa kwenda kuripoti polisi? Nchi nzima ilikaa kwenye simu. Mwezi huo huo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikapata Kamishna Jenerali wake wa kwanza, Rogers Siang'a. Sheria iliyoiunda ni ya mwaka 2015, na kwa wafanyabiashara wakubwa ina adhabu hadi kifungo cha maisha. Sina ugomvi na hilo. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Kilo elfu tatu! Wapewe haki yao, ile ni kazi.

Lakini jiulize hizo kilo zinatoka wapi. Unga unatoka Afghanistan, unashuka mpaka pwani ya Makran upande wa Iran na Pakistan, unapakiwa kwenye majahazi, unavuka bahari kuja kwetu, kutoka Lamu mpaka kaskazini mwa Msumbiji. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032. Jahazi moja. Wakubwa wanaomiliki mzigo wa namna ile hawakai kijiweni Temeke wamejikunja na arosto. Anayekaa pale ni yule mwenye kete moja mfukoni, na kwa kuwa ndiye rahisi kumkamata, ndiye anayejaza daftari la kituo.

Kuna jamaa mtaani kwetu, jina lake si muhimu, ni fundi wa feni na pasi. Alikuwa na mwaka wa pili kwenye methadoni, hana kete wala sindano. Akakamatwa asubuhi njiani kutoka dirishani, kwenye msako, kwa sababu tu sura yake wanaijua tangu enzi zake. Alilala kituoni siku mbili (kituo nakihifadhi). Siku mbili bila dawa. Aliyekuwa naye mahabusu anasema alikuwa anatetemeka kama ana malaria kali, na askari wa zamu wanacheka, "si umezoea". Alipotoka hakwenda hospitali kwanza. Mnajua alikokwenda. Ilimchukua mwezi mzima kurudi kwenye foleni. Hakuna aliyetoa amri mbaya hapo. Askari alitafuta idadi, na idadi ipo pale wanapopita watu wa dirisha.

Ndiyo maana nasema swali la kumuuliza mkuu yeyote wa vita hii ni wangapi walioanza matibabu mwaka jana na bado wanakuja. Kilo na pingu tutaambiwa tu, hata bila kuuliza. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa na uhalifu ilisema kwenye ripoti yake ya 2025 kwamba mwaka 2023 watu milioni 316 duniani walitumia dawa za kulevya, milioni 64 kati yao wana tatizo la uraibu, na anayepata matibabu ni mmoja kati ya 12. Ingekuwa malaria, mmoja kati ya 12 anapata dawa, tungeandamana.

Turudi kwa wale wawili waliosema hapana Vienna. China inashangaza, kwa sababu tangu 2004 wana kliniki za methadoni kwa mamia, wanafanya kitu chenyewe halafu wanakataa jina lake. Urusi haina kigeugeu: kwao methadoni ni marufuku kabisa, hata hospitalini. Na tunajua marufuku hiyo inafanya nini, kwa sababu kuna mahali ilitokea mbele ya macho ya dunia.

Mahali penyewe ni Crimea. Ilipokuwa chini ya Ukraine, watu kama 800 walikuwa wanapata tiba hiyo pale. Machi 2014 Urusi ikaichukua Crimea, na kufikia Mei madirisha yakafungwa. Januari 2015 Michel Kazatchkine, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukimwi eneo lile, alisema inakadiriwa kati ya watu 80 na 100 wa kundi hilo walikuwa wamekufa, wengi kwa kuzidisha dozi au kujiua. Hawa hawakuwa mateja wa kijiweni. Walikuwa watu waliokwishatulia, wenye kazi na familia, wakaambiwa kuanzia leo basi.

Nikisoma habari za Crimea nawaona watu wa foleni yetu. Kwa sababu na sisi dirisha letu limesimama kwenye mguu wa kuazima. Sehemu kubwa ya kujenga hii huduma hapa nchini ilitegemea pesa za nje, hasa mfuko wa Marekani wa ukimwi, PEPFAR, ulioanzishwa 2003. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1, 2025 shirika la USAID lilikuwa limefunga shughuli zake. Na Marekani ile ile iliyopeleka maneno mawili Vienna Machi 2024, Machi 2025 ilikuwa inapiga kura ya hapana dhidi ya maazimio kwenye ukumbi ule ule. Mwaka mmoja tu! Siwalaumu, ni hela zao na kura zao. Nauliza tu, mtu anayehitaji kikombe kila asubuhi, Jumapili na sikukuu, tunamfungaje kwenye uchaguzi wa watu wa Ohio?

Kuna wanaosema tusubiri, unga wenyewe unakwisha. Kweli Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi Aprili 2022, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulisema kilimo hicho kimeporomoka kwa asilimia 95. Lakini angalieni Sierra Leone. Kule vijana wanavuta kitu kinaitwa kush, na Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura kwa sababu yake. Kilipopimwa maabara, ndani yake kukakutwa nitazini, kemikali za kutengenezwa kiwandani zenye nguvu kuliko heroini. Hazihitaji shamba, hazihitaji mvua, zinakuja kwa vifurushi. Mpopi ukiadimika, mwenye biashara hafungi duka, anabadilisha bidhaa. Na mtu akizidisha dozi ya kitu cha namna hiyo ana dakika chache tu, labda mwenzake awe na naloksoni mkononi na asiogope kupiga kelele za msaada. Nani atapiga kelele kama anajua anayekuja ni karandinga?

Mimi ninachotaka ni vitu viwili, na vyote vinawezekana bila kwenda Vienna. Cha kwanza, methadoni na mishahara ya wauguzi wa dirisha iwe kwenye bajeti yetu ya Wizara ya Afya, kwa mstari wake, tuusome bungeni kila Juni kama tunavyosoma wa barabara. Najua hela ni ngumu. Lakini methadoni yenyewe siyo dawa ghali, ni dawa ya zamani, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Cha pili, itoke amri ya maandishi, siyo ya mdomo, kwamba mwenye kadi ya kliniki hakamatwi njiani kwenda au kutoka kunywa dawa, na akikamatwa kwa kosa lingine lolote, kituo kina wajibu wa kumfikisha kwenye dozi yake siku hiyo hiyo. Mtu wa kisukari akiwekwa ndani tunategemea apewe dawa yake, sivyo?

Mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa aliniambia, "Mwanangu, huyo akipona nitakuwa wa kwanza kumpa kazi, ila kwanza apone." Nikamwambia, mzee wangu shikamoo yako naiheshimu, lakini yule fundi feni aliyetengeneza feni yako juzi ni mtu wa dirisha. Akanyamaza. Akaagiza kahawa nyingine. Sikumsukuma zaidi, mkubwa ni mkubwa.

Wadau wa Mombasa, Malindi, Unguja na Mwanza, dirisha la kwenu linafunguliwa saa ngapi, nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani, na tangu mwaka 2025 kuna kilichopungua? Na kama wewe mwenyewe unakunywa, andika bila jina, hapa hakuna atakayekutukana, nikimwona anayetukana namfuta. Wale wa "apelekwe jeshini akalime" nanyi karibuni, ila mje na hesabu.

Nawasilisha.